Mkono wa Kapteni

Miaka yake ya mwisho Mwanza, Kapteni aliitika salamu kwa kidevu. Ukimpa shikamoo nje ya duka lake la spea za baiskeli, karibu na soko kuu, alikiinua kidevu kidogo, akasema marahaba kwa sauti ya ndani, na mikono ikabaki mifukoni. Wageni walimwona mzee wa maringo. Kwetu Kiseke, ambako nyumba yake na yangu zilitenganishwa na nyumba mbili tu, watu walikuwa na maelezo mengine. Akina mama wakimwona anakuja waliwaita watoto ndani, bila kelele, kama mtu anayeanua nguo akiona wingu. Mimi nilikuwa nawaona. Na nilijua maneno yale yalitoka wapi, kwa sababu yalitoka kinywani mwangu.

Nilimfahamu kabla ya kidevu, wakati wa mkono. Tulikuwa kikundi cha watu wanane au tisa wenye baiskeli za resi, nyingi za mtumba, tukitoka pamoja kila Jumamosi asubuhi. Yeye alikuwa kapteni tangu kabla sijajiunga, na sikuwahi kukutana na mtu aliyekumbuka kumchagua. Alikuwa ameshapita sitini. Mwembamba, miguu imekauka kama mipini ya jembe, macho mekundu kwa vumbi na upepo wa miaka mingi barabarani. Macho hayo nayo yalikuja kutajwa baadaye.

Enzi hizo hakuna aliyesalimia kama yeye. Tukishauacha mji na kushika njia ya vijijini, mkono wake wa kulia ulikaa hewani kuliko ulivyokaa kwenye usukani. Aliuinua wote, umenyooka, kiganja wazi, mfano wa mwanafunzi anayelijua jibu. "Mwangaluka, mayu!" kwa Kisukuma chake, kwa mama anayefagia uwanja. "Shikamoo babu!" kwa mzee yeyote aliyemzidi hata mwaka mmoja. Na hakuishia kuinua mkono. Alipunguza mwendo, wakati mwingine akashuka kabisa na kuishika baiskeli pembeni, nasi nyuma yake tukajikuta tumesimama kwenye vumbi, jasho linakauka, tunasubiri habari za mahindi na za wajukuu ziishe.

"Mtu mzima humpiti kama unapita kisiki," alikuwa akisema.

Mimi nilinung'unika sana. Nilikuja kuendesha baiskeli, sikuja kutembelea ndugu. Alinicheka, akaniita Nshomile, jina wanalotaniwa Wahaya wenzangu kwa kujiona tumesoma. Aliniita hivyo tangu siku ya kwanza, aliposema "balabala" nami kwa ujinga wangu nikamsahihisha mbele ya watu. "Haya Nshomile," akasema, "wewe twambie inavyotamkwa, sisi tutakuonyesha inavyopandwa." Mlima wa kwanza tu aliniacha nikihema kama mbuzi aliyefungwa juani.

Kuhusu heshima zake kuna kisa kimoja ambacho kila aliyejiunga alisimuliwa. Zamani alikuwa kwenye mashindano, zawadi ng'ombe dume, naye yuko mbele peke yake, zimebaki kilomita chache. Ghafla akamwona mama mkwe wake anakuja na beseni kichwani, upande ule ule wa barabara. Kwa desturi yao mkwe hapitwi uso kwa uso. Kapteni akashuka, akaingia na baiskeli yake kwenye shamba la mihogo, akachuchumaa mpaka mama wa watu akapita. Alimaliza wa kumi na moja. Tukimtania kwamba alimtoa ng'ombe mahari mara ya pili, alikuwa anajibu kwamba ng'ombe huliwa akaisha, lakini mkwe yupo.

Ninayasimulia haya ili ijulikane kwamba mkono ule ulikuwa wa adabu kabla haujawa kitu kingine.

Sasa, anayeendesha mbele ndiye macho ya wote. Wa nyuma haoni ila mgongo wa mwenzake, na magurudumu yanakaribia kugusana. Kwa hiyo Kapteni alitufundisha ishara. Kidole chini, kuna shimo. Mkono nyuma ya kiuno, sogea, kuna kitu pembeni. Mkono juu, simama. Na kila anayeiona ishara aipeleke nyuma kwa mwenzake, kwa mkono au kwa mdomo, mpaka imfikie wa mwisho. Aliyekalia ishara alimchukia kuliko mwizi. "Ishara si mali yako," alisema. "Ukipewa, pitisha." Siku moja fundi mmoja wa kikundi chetu alilitaja shimo wakati wa nyuma yake ameshaanguka ndani yake. Kapteni alimwinua aliyeanguka, akampangusa, kisha akamgeukia fundi kwa upole wa kutisha: "Ishara iliyochelewa ni habari ya msiba."

Kasoro mmeshaiona. Mkono juu ulikuwa simama, na mkono juu ulikuwa shikamoo. Sisi pia tuliiona, tukaifanya utani. Aliyemuuliza wazi alikuwa Milembe, binti wa Buswelu aliyefanya kazi ya ushonaji, mwepesi kuliko wanaume wote wa kikundi, aliyekuwa akijiandaa kwa mashindano ya wanawake.

"Kapteni, sasa tutajuaje kama unasimamisha au unasalimia?"

"Nikisalimia kiganja kinacheza," akasema, akauchezesha. "Nikisimamisha hakichezi."

"Na sisi tulio nyuma tutakionea wapi hicho kiganja?"

"Mtamuuliza Nshomile. Yeye amesoma."

Tulicheka wote. Mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha wa pili daima, nyuma yake hatua chache, na Milembe nyuma yangu. Alipenda kukaa hapo, mgongo wangu mpana ulimkinga upepo.

Mtu huyu aliyejua kila hatari ya barabara alikuwa na mambo yasiyoeleweka. Alitulazimisha wote kofia ngumu, na ya kwake ilikuwa imepasuka, ameizungushia utepe mweusi wa fundi umeme. Aliwadharau waganga, akasema wanakula jasho la wajinga, lakini hakuthubutu kuhesabu watu. Kila tukisimama, badala ya kutuhesabu, aliuliza, "Nani hayupo?" Tulimwambia swali hilo halina wa kulijibu, maana asiyekuwepo hasikii. Akasema ukihesabu watu kwa kidole unamwonyesha mtu mwingine idadi. Nilimuuliza mtu gani huyo mwingine. Akaanza kukaza spoku ambayo haikuwa imelegea.

Alipenda njia ya msitu kuliko zote, na aliiogopa. Ilikuwa safari ya siku mbili. Asubuhi tulivuka ziwa kwa kivuko mpaka Kamanga, tukapita Sengerema, tukaendelea kuelekea Geita, ambako miti inakaribia lami pande zote mbili na jua linaingia kwa vipande. Sasa hivi wengi hupita darajani, wakati huo ilikuwa kivuko, naye alikipenda, alisema ukianzia majini unafika na miguu mipya. Msituni hakuimba wala hakutania. Upepo unakatika, hata sauti ya mnyororo unaisikia. Malori ya masafa marefu huja huko yakiwa yameshika kasi ya mteremko, na kwa sababu ya kona unayasikia kabla hujajua yanatoka wapi. "Humu ndani," aliniambia, "barabara haina mwenyeji."

Siku ile tulikuwa tunateremka. Kushoto, kwenye ukingo wa miti, walikuwa wamekaa wanawake watatu wazee na mizigo yao ya kuni, wakipumzika. Mbele yao, kwenye lami, yalikuwepo matawi mabichi, moja hapa, jingine hatua chache mbele. Kila dereva wa nchi hii anajua maana ya matawi yaliyolazwa barabarani: mbele kuna gari limeharibika. Lakini mimi niliona kuni, nikaona wenye kuni, nikasema moyoni ni zao, zimewadondoka.

Kapteni akauinua mkono.

Milembe hakumwona. Nilisikia sauti yake nyuma yangu, "Kuna nini mbele?"

Niliuona mkono ule, umenyooka, kiganja wazi. Niliwaona bibi watatu. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimeudhika, niliona tunasimamishwa tena kuulizia wajukuu katikati ya mteremko mzuri. Nikapaza sauti:

"Anasalimia tu!"

Milembe akacheka. Nakumbuka alicheka. Akatoka kwenye kivuli cha mgongo wangu, akatupita wote wawili kwa kulia, amelala juu ya usukani, akaingia kwenye kona. Nyuma ya kona lori lilikuwa limekufa upande wetu, na lingine lilikuwa linakuja upande wa pili. Hapakuwa na pa kupita. Sitasema zaidi ya hapo.

Kapteni alitupa baiskeli, akakimbia. Alipofika alipiga magoti kwenye lami, mkono wake wa kulia bado umeinuka, kama aliusahau huko juu. Wale bibi walikuja nyuma yetu wakilia, mmoja akavua kanga yake akamfunika. Jioni tukirudi kwenye kivuko, sisi wanaume tumekaa sakafuni kati ya magari, Kapteni alifungua mdomo kwa mazoea. "Nani ha..." akasema, akalimeza lililobaki. Tangu siku hiyo sikulisikia tena swali lile.

Msibani Buswelu, chini ya turubai, nilipelekwa ndani kwa Mama Milembe. Alikuwa amekaa mkekani, sauti imekauka. Akaniuliza, "Baba, wewe ulikuwa karibu naye. Ilikuwaje?"

Ninajua kuongea. Ninauza dawa Nyamagana, kila siku nawaeleza watu mambo magumu kwa maneno mepesi. Na pale nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Sikuisema. Nilisema, "Mama, Kapteni aliinua mkono, ndipo Milembe akapita mbele, ndipo lori likaja."

Kila neno lilikuwa kweli. Hakimu asingenikuta na kosa. Mama Milembe akarudia taratibu, si kwangu, kwa wanawake waliomzunguka: "Aliinua mkono."

Nilimwona Kapteni mlangoni, amekuja kutoa pole. Nilimwona amesikia. Nilimsubiri aseme, "Hapana, niliinua tusimame, huyu hapa ndiye aliyekosea." Alikunja mikono kifuani, akainamisha kichwa kwa mama, akatoka nje akakaa na wanaume wenzake.

Mpaka arobaini inafika, sentensi yangu ilikuwa imekwishaota miguu. Walisema yule mzee akiinua mkono, mtu anaondoka. Walisema mbona yeye wa mbele hakuguswa, mbona lori lilimchagua binti. Walikumbuka mashindano aliyoshinda ujanani, wakauliza alishindia nini. Wakayakumbuka macho yake mekundu, na huku kwetu mzee mwenye macho mekundu haombewi dua, anahesabiwa siku. Neno kafara nililisikia kwa mara ya kwanza dukani kwangu, mteja akimweleza mwenzake huku nikiwafungia vidonge. "Lisemwalo lipo," akamalizia, "kama halipo laja." Nikampa chenji yake.

Kikundi kilivunjika bila mkutano. Mwanzoni wateja wa spea walipungua, kisha waliobaki wakataka wawekewe vitu juu ya meza, wavichukue wenyewe, wasivipokee mkononi mwake. Hapo ndipo mikono ilipoingia mifukoni. Kila nilipompita nilisimama, nikampa shikamoo, yeye akainua kidevu, nami nikasubiri ujasiri unijie, kisha nikakumbuka nimechelewa kazini. Mke wangu alikuwa akiniuliza kwa nini siku hizi nashtuka usingizini. Nilimwambia ni joto la mabati.

Haya yalikwenda miaka mitatu. Halafu asubuhi moja Kapteni alifungua duka akakuta karatasi imepenyezwa chini ya mlango, haina jina, ina neno moja. Hama. Aliikunja, akaitia kwenye boksi la gololi za baiskeli, akauza siku nzima. Wiki iliyofuata alikuta ya pili, nyumbani, chini ya mlango wa chumba anacholala. Hii nilionyeshwa mimi, na ilikuwa haina neno lolote. Ilikuwa na mchoro wa kiganja, kimekatwa kwa mstari mmoja wa kalamu pale kwenye kifundo.

"Hawa wanaijua nyumba," akasema. Basi.

Nilipanda baiskeli saa ile ile. Miaka mitatu sikuweza, na asubuhi ile nilifika Buswelu nikiwa sijui nimepita njia gani. Nilipiga hodi, Mama Milembe akanikaribisha, akaniletea maji ya kunywa. Cherehani ya binti yake ilikuwa pale pale dirishani, imefunikwa kitambaa. Nikasema yote, nimesimama. Mkono ulikuwa wa kutusimamisha. Matawi yalikuwa ya lori. Milembe aliniuliza, na mimi ndiye niliyemjibu anasalimia. Kapteni hana kosa. Mimi ndiye mwenye kosa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea kilio, nilitegemea kofi, na kofi ningelipokea kwa shukrani. Alichukua glasi mkononi mwangu, maji hayajaisha, akayamwaga nje mlangoni.

"Kumbe mlikuwa wawili," akasema.

Nilijaribu kumweleza upya. Nilitumia maneno mepesi. Alikuwa ameshawaita majirani.

Nilimkuta Kapteni siku tatu baadaye kwenye gati ya kivuko, asubuhi, watu wamejaa na mizigo yao. Alikuwa na begi moja na baiskeli yake ya resi. Duka ameliacha kwa mpwa wake. Alikuwa anakwenda kwa mdogo wake, ng'ambo, mbele ya Sengerema, upande ule ule wa msitu.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba, Nshomile." Kidevu.

"Nilikwenda Buswelu. Nimesema kila kitu."

"Nimesikia."

"Mimi ndiye niliyesema unasalimia."

"Nilikusikia siku ile ile," akasema. "Nilikuwa mbele yako hatua nne. Masikio yangu mazima."

Niliona aibu iliyonipanda mpaka kwenye nywele. "Sasa kwa nini hukusema? Miaka yote hii?"

Alitazama maji, si mimi. "Ishara ulikuwa nayo wewe. Mimi nilishaitoa. Ningeirudia mara ngapi?" Akaikagua breki ya mbele kwa dole gumba, mazoea yake. "Mama alisemaje?"

"Alisema kumbe tulikuwa wawili."

Akatikisa kichwa polepole, kama fundi anayeonyeshwa ubovu alioutegemea. "Iliyochelewa," akasema, na hakuimalizia, maana sote tuliujua mwisho wake. Kisha, kwa sauti ile ya zamani ya kutangaza mashimo: "Sasa uangalie na wewe. Badilisha njia ya kwenda kazini. Mlango wako wa uani hauna komeo, nimeuona. Weka komeo."

"Kapteni, nisamehe."

Kengele ya kivuko ilikuwa imegongwa. Alisukuma baiskeli yake kwenye kundi la watu, na nikaona jinsi watu walivyompisha, kwa nafasi kubwa kuliko ile anayopewa mzee.

Kivuko kiliachana na gati. Alikwenda kusimama nyuma kabisa, kwenye reli, baiskeli imeegemea nyonga yake. Tulipokuwa tumeshatenganishwa na maji ya kutosha, alitoa mkono wa kulia mfukoni, akauinua. Wote, umenyooka, kiganja wazi. Nilikuwa sijauona hivyo tangu msituni.

Pembeni yangu mama mmoja muuza samaki wa kukaanga alimvuta binti yake mdogo nyuma ya kanga. "Yesu wangu," akasema. "Yule mzee anamwinulia nani mkono?"

Nilikaza macho. Kwa umbali ule, na jua likimeta majini, sikuweza kuona kama kiganja kinacheza au hakichezi.

"Sijui anasema nini," nikamjibu. "Lakini ananiinulia mimi."

Nikauinua wa kwangu.

Mama yule aliutazama mkono wangu, akanitazama usoni, akajitwisha beseni lake, akamshika mtoto, wakahamia upande wa pili wa gati.